Udongo Hauogopi Moto, Unaogopa Maji: Mwongozo wa Tanuri na Ukuta

Gonga kwa kifundo cha kidole ukuta wa udongo uliopigwa lipu ya saruji, kisha sikiliza. Pale lipu iliposhikana na ukuta, mlio ni mzito. Pale ilipoachana nao, unasikia debe tupu. Nilifanya hivyo kwenye nyumba ya shangazi yangu, nje kidogo ya Muheza, na ukuta wa nyuma ulilia debe kuanzia chini hadi usawa wa dirisha. Lipu ilikuwa na miaka mitatu tu, na kwa macho ilipendeza. Nikachomeka ncha ya mwiko kwenye ufa mwembamba kama uzi, nikasukuma kidogo, na kipande kikubwa kama mlango wa kabati kikaanguka kizima. Nyuma yake hapakuwa na ukuta tena. Udongo ulikuwa umeteremka na kurundikana chini kama ugali uliolowa, fito zimebaki wazi, na nyingine zilikuwa zimeshaliwa na mchwa.

Maji ya mvua yalipenya kwenye ule ufa, yakakosa pa kutokea. Saruji ni ngumu. Haivimbi wala kusinyaa sawa na udongo, kwa hiyo lazima ipasuke mahali fulani, na ikishapasuka inayafungia maji ndani ya ukuta ambao ungekauka wenyewe kwa siku chache za jua. Babu aliyeijenga nyumba ile aliikandika kwa udongo kila baada ya misimu michache, na ilisimama miaka 40 bila mfuko hata mmoja wa saruji.

Nakuandikia mwongozo huu ili uweze kujenga tanuri la mkate na kukarabati ukuta wa udongo kwa mikono yako. Naziweka kazi hizi mbili pamoja kwa sababu udongo ni uleule, unakandwa vilevile na unapasuka kwa sababu zilezile. Anza na tanuri. Ukikosea, utalivunja, utalowesha udongo uleule na kuanza upya, na hasara yako itakuwa jasho la siku moja. Ukuta wa chumba unacholala hautakupa nafasi hiyo.

Ujue udongo wako kwanza

Watu huniuliza mara moja: nichanganye ndoo ngapi za mchanga? Swali hilo halina jibu mpaka ujue udongo wako una nini ndani. Vipimo vya mtu wa Muheza vinaweza kumharibia kazi mtu wa Kahama.

Udongo wa kujengea una chembe za aina tatu. Mchanga unauona kwa macho. Chembe zake kubwa hufika milimita 2. Mfinyanzi una chembe ndogo kuliko milimita 0.002, bapa kama magamba ya samaki, na zikipata maji huteleza na kunata. Katikati kuna vumbi laini linalodanganya: likilowa linafanana na mfinyanzi, lakini halina gundi, na likikauka linarudi kuwa unga. Mchanga ndio unaobeba uzito na mfinyanzi ndio unaoshikisha. Mfinyanzi ukinywa maji huvimba, ukikauka husinyaa, na kusinyaa huko ndiko kunakoleta nyufa. Mchanga hausinyai. Mfinyanzi ukipungua, kazi yako itamomonyoka, ukizidi, itapasuka.

Chimba chini ya tabaka la juu lenye mizizi. Udongo ule mweusi uache ukuze mboga, maana kila kilichooza ndani yake kitakuachia uwazi. Kuanzia nusu mita kwenda chini mara nyingi utakuta udongo safi. Udongo mwekundu unaopatikana sehemu nyingi za Tanga unafaa sana kwa sababu mfinyanzi wake hauvimbi kupita kiasi. Udongo wa kichuguu nao ni mzuri mno: mchwa wamekwisha kuuchambua, wakapandisha chembe laini na kuzishikamanisha. Chukua kichuguu kilichohamwa, kiponde, kichekeche. Udongo wa kuukwepa ni ule mweusi wa mbugani, unaonasa magari masika na kufanya nyufa za kuingiza mkono kiangazi. Huo hata ukiuchanganya vipi utakutesa.

Sasa upime. Chukua chupa ya maji ya lita moja inayoonyesha ndani, jaza theluthi ya udongo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, uiweke mahali isiposogezwa. Katika dakika ya kwanza mchanga utakuwa umeshuka. Vumbi litafuata polepole, na mfinyanzi utaendelea kutua hadi kesho. Utaona matabaka. Hata hivyo mimi nauamini zaidi mkono kuliko chupa. Lowesha udongo ushikamane kama unga wa chapati, usokote mnyoo wenye unene wa sentimita 3, kisha usukume taratibu upite ukingo wa meza ukining'inia. Ukikatika kabla ya sentimita 5, mfinyanzi ni mdogo. Ukipita sentimita 15 bila kukatika, mfinyanzi ni mwingi na utahitaji mchanga. Ukikatika katikati ya vipimo hivyo, umepata udongo wa kujengea.

Kipimo cha mwisho usikiruke hata ukiwa na haraka. Finyanga vitofali vinne vya ukubwa wa kiganja: cha kwanza udongo mtupu, cha pili kipimo kimoja cha udongo kwa kimoja cha mchanga, cha tatu kimoja kwa viwili, cha nne kimoja kwa vitatu. Andika namba kwa msumari vikiwa bado vibichi. Vikaushe kivulini wiki nzima. Kisha visome: kilichopasuka kina mfinyanzi mwingi, kinachoacha unga ukikisugua kwa dole gumba kina mchanga mwingi. Kile kisichopasuka wala kutoa unga ndicho mchanganyiko wako. Uandike kwenye daftari pamoja na mahali ulipochimba, kwa sababu shimo likisogea mita 20 tu udongo unaweza kubadilika.

Mchanga uwe wa mtoni au wa kuchimba, wenye chembe kali zinazokwaruza vidole. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi huvuta unyevu na kuubandua uso wa kazi yako.

Tanuri la mkate

Tanuri si mgeni kwetu. Jina lenyewe tulilipata kwa Waarabu, na pwani mkate wa mofa, ule wa mtama, umeokwa katika tanuri la udongo tangu zamani. Tanuri ninalokufundisha hapa ni la kuba, la kuoka mikate ya kuumuka na boflo: unawasha moto ndani yake, kuta zinanywa joto, unatoa makaa, kisha mkate unaiva kwa joto ambalo kuta zinalirudisha. Kwa hiyo ukuta wa tanuri ni ghala la joto, na unene wake si pambo.

Lijenge nje, chini ya paa la bati, mdomo usielekee upepo unaovuma zaidi kwako. Usiliweke chini ya makuti. Cheche moja inatosha kuteketeza. Na usithubutu kulijenga ndani ya chumba kilichofungwa. Moto wa kuni na mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua watu usingizini.

Jenga kwanza meza ya mawe au matofali ya kuchoma yenye upana wa kama mita moja na robo kila upande, ikufike kiunoni ili usiiname kila siku. Hapa unaweza kutumia saruji bila shaka yoyote. Mawe ya chini ni mahali pake. Ndani jaza kifusi na ushindilie, ukibakiza sentimita 15 juu. Nafasi hiyo ndiyo watu wengi huijaza kokoto, halafu wanashangaa mkate kuungua juu na kubaki mbichi chini. Joto limekimbilia kwenye mawe. Panga humo chupa tupu za soda zilizolala, zizungushie rojo la mfinyanzi lililochanganywa na maranda au pumba za mpunga. Hewa iliyofungwa ndani ya chupa na kwenye pumba huzuia joto lisishuke. Juu yake tandaza mchanga mkavu wa sentimita 3 hadi 5, uusawazishe kwa pima maji.

Juu ya mchanga panga matofali ya kuchoma, makavu, bila kitu chochote kati yake. Yachague moja moja: gonga mawili pamoja, yale yanayolia kama kengele yameiva. Yabane kabisa, na hakikisha hakuna pembe iliyoinuka, kwa sababu pembe moja itakwama kwenye koleo la mikate siku zote utakazotumia tanuri hilo.

Chora duara la kipenyo cha sentimita 70 juu ya matofali. Rundika mchanga mbichi ndani ya duara, uupigepige kwa ubao mpaka upate kuba laini lenye kimo cha sentimita 42. Zitatosha ndoo 5 au 6 za lita 20. Ulifunike kuba hilo kwa magazeti yaliyoloweshwa. Yatakuonyesha baadaye mchanga unapoishia na udongo unapoanzia. Vipimo hivi vina sababu. Kimo cha mdomo wa tanuri kinatakiwa kiwe kama asilimia 63 ya kimo cha kuba kwa ndani, yaani kwa kuba la sentimita 42 mdomo ufike sentimita 26 au 27. Ukiwa mfupi zaidi, moto hukosa hewa na tanuri hujaa moshi. Ukiwa mrefu zaidi, joto linatoka lote mbele. Kanuni hiyo Kiko Denzer, mjenzi wa matanuri kutoka Oregon, Marekani, ameieneza kwa kitabu chake, na chimbuko lake ni matanuri ya zamani ya wakulima wa Quebec, Kanada. Mimi nimeijaribu na sijaona sababu ya kuiacha.

Sasa kanda. Tandika turubai, mwaga mchanga na udongo uliochekechwa kwa kipimo kilichoshinda kwenye vitofali vyako, changanya vikiwa vikavu, kisha nyunyiza maji kidogo kidogo. Vua viatu. Kanyaga kwa kisigino ukizunguka, halafu shika ncha ya turubai uivute ili udongo ujipindue, ukanyage tena. Mwanzoni utausikia ukikwaruza chini ya mguu. Baada ya dakika kama 15 mlio unabadilika, udongo unaanza kuvuta wayo wako, na turubai likivutwa unajiviringisha wote kama mkate mmoja. Hapo umeiva. Finyanga tonge la ukubwa wa chungwa, liachie kutoka usawa wa bega lianguke chini. Likitambaa kama chapati, maji yamezidi, likisambaratika, yamepungua. Linatakiwa libonyee kidogo tu na kubaki zima. Kosa la karibu kila anayeanza ni maji mengi, kwa sababu udongo laini unarahisisha kazi. Kila kikombe cha ziada kitakudai ufa.

Tabaka hili la kwanza lisitiwe majani wala pumba. Liko karibu na moto, majani yataungua na kuacha mashimo. Utahitaji kama ndoo 6 au 7 za mchanganyiko mkavu. Anza chini, zungusha matonge kulizunguka kuba la mchanga, unene wa sentimita 8, ukibana kila tonge kwenye lile lililotangulia. Usilisukumie mchanga; libane kwa kushuka chini na kwa ubavu, mkono mmoja ukilizuia kwa nje. Pima unene kwa kijiti ulichokitia alama. Kazi hii imalizike siku hiyohiyo, kwani tonge bichi juu ya tabaka kavu halishiki vizuri.

Kesho yake, au keshokutwa kama hewa ina unyevu, bonyeza kwa dole gumba. Ukiacha alama hafifu tu, kata mdomo kwa kisu kirefu, upana wa sentimita 35, kingo zake ukiziinamisha kidogo ili kifuniko cha mbao kikae vizuri. Toa mchanga taratibu kwa mkono mpaka uyaone magazeti. Nakuomba uvumilivu hapa. Tanuri langu la kwanza nilitoa mchanga jioni ileile, na usiku kuba lilishuka.

Likishakauka kiasi, livike koti la pili: rojo la mfinyanzi lililochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa, maranda au pumba za mpunga nyingi kadiri rojo linavyoweza kuzishika, unene wa sentimita 8 hadi 10. Koti hili halibebi kitu. Kazi yake ni kuzuia joto lisitoke. Kisha juu yake siriba kwa udongo laini wa mwisho.

Kukausha kunataka wiki mbili za kivuli. Baada ya hapo washa moto mdogo wa vijiti, wa saa moja, asubuhi kwa siku nne au tano mfululizo. Utaona mvuke ukitoka kwenye kuba. Ukiharakisha kwa moto mkubwa, maji yaliyomo ndani ya ukuta huchemka na kuupasua.

Siku ya kuoka, tumia kuni kavu. Kwetu Muheza matawi ya michungwa yaliyopogolewa ni mazuri sana. Usichome mbao zenye rangi. Washa saa mbili hadi tatu. Kwanza kuba litajaa masizi meusi kwa ndani. Tanuri likipata joto la kutosha masizi yenyewe huungua na kuba hurudi rangi ya udongo. Hiyo ndiyo ishara ninayoisubiri. Toa makaa yote, pangusa sakafu kwa gunia lililoloweshwa lililofungwa kwenye mti, funika mdomo nusu saa ili joto lisambae. Kisha rusha kiganja cha unga wa ngano sakafuni. Ukigeuka mweusi papo hapo, subiri. Ukigeuka kahawia ukiwa umehesabu taratibu hadi 15, ingiza mikate. Baada ya mikate bado kuna joto la kuivisha chungu cha maharage hadi asubuhi, na baada ya maharage linatosha kukausha maembe.

Nyufa nyembamba zitatokea, na nyingi hazina madhara. Ufa unaoingiza ukucha uupanue kidogo kwa kisu, uupanguse vumbi, uuloweshe, kisha uubane kwa mchanganyiko uleule ulioongezwa mchanga na kupunguzwa maji. Watu huulizia saruji hapa pia. Saruji ya kawaida haivumilii moto wa namna hii. Itabanduka na kuangukia mikate.

Wakazi wa Makete, Njombe na Lushoto huniuliza kuhusu kuota moto, na nitajibu kwa ufupi. Kaskazini mwa China watu hulala juu ya kitanda cha tofali na udongo kiitwacho kang, ambacho moshi wa jikoni hupita ndani yake kabla ya kutoka nje kwa bomba. Wazo ni zuri kwa nyanda zetu za baridi, lakini linataka bomba la moshi lisilovuja hata kidogo, na lijengwe na fundi anayelielewa. Mpaka utakapompata, jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala.

Ukuta wa nyumba

Turudi kwa shangazi. Kabla ya kugusa udongo, tulizunguka nyumba tukiyatafuta maji yanakotoka. Ukikandika kabla ya kuyazuia maji umejitwisha kazi ya kila mwaka. Kwake tulikuta mambo mawili. Bati la nyuma lilikuwa limekatwa karibu mno na ukuta, na ua ulikuwa umeinuka kwa miaka ya kufagia na kumwaga taka, hivyo maji ya mvua yalielekea ukutani badala ya kuondoka. Matone yanayoanguka kutoka kwenye bati hurukia ukuta, ndiyo maana nyumba nyingi za udongo huliwa chini kama muwa uliotafunwa.

Tiba yake ni ya kizamani. Upenu utoke nje ya ukuta sentimita 60 angalau, na 90 ni bora. Ardhi iteremke kwenda mbali na nyumba. Pale matone yanapoangukia, chimba mfereji mwembamba uujaze kokoto, yasiruke. Ikiwezekana jenga kibaraza cha mawe kuzunguka nyumba. Wazee wa pwani walipoweka baraza hawakufikiria mazungumzo ya jioni peke yake. Baraza huukinga mguu wa ukuta. Kama unajenga upya, msingi wa mawe uinuke sentimita 30 hadi 45 juu ya ardhi kabla udongo haujaanza.

Kisha bandua lipu yote iliyoachana na ukuta. Isiyoachana usiilazimishe kwa nyundo, utang'oa na ukuta. Iache mpaka iachie yenyewe. Angalia nguzo na fito. Nguzo iliyooza chini usiing'oe kabla ya kuegemeza boriti ya muda chini ya paa. Nguzo mpya iketi juu ya jiwe bapa, isizikwe kwenye udongo wenye unyevu. Fito mpya zifungwe kwa kamba imara, zikiachana vidole vitatu au vinne, ili udongo upate pa kushikilia.

Kukandika ni kazi ya watu wawili, mmoja ndani na mmoja nje. Nilisimama ndani, binamu yangu nje, shangazi akiwa anatugawia matonge. Kwanza tulinyunyiza rojo jembamba kwenye fito na kwenye kingo za udongo wa zamani, kwa sababu udongo mkavu ukiukuta mbichi huunyonya maji yote na kazi haishiki. Kisha kila mmoja alilipiga tonge lake mahali pamoja kwa wakati mmoja, matonge yakakutana katikati ya fito na kuumana. Unausikia mkono wa mwenzako upande wa pili. Ukandiko wa peke yako, wa upande mmoja, haujiumi na chochote. Siku ya upepo unaanguka.

Udongo wa kukandikia uwe na nyasi au mabua ya mpunga yaliyokatwa kwa urefu wa kidole, kwa sababu nyuzi hizo hugawanya mpasuko mmoja mkubwa kuwa midogo isiyo na madhara. Tabaka la kwanza liache lipasuke. Ndiyo kawaida yake. Likikauka kabisa, likwaruze kwa fito yenye ncha, liloweshe, kisha piga la pili lisilozidi sentimita 2. Tabaka la mwisho ni la kusiriba, milimita chache tu: udongo uliochekechwa sana, mchanga laini na kinyesi kibichi cha ng'ombe. Kinyesi kina nyuzi ndogo ndogo na utelezi unaoufunga uso wa ukuta. Mimi huanza na kipimo kimoja cha kinyesi kwa vinne vya udongo, kisha najaribu vipande vya nusu mita ukutani kabla ya kuchagua. Kama una kidonda mkononi, kifunge au vaa glavu. Ukuta ukianza kukauka, usugue kwa jiwe laini la mtoni mpaka ung'ae.

Kama huna ng'ombe, fuata mafundi wa Djenné nchini Mali. Msikiti wao mkuu, ambao jengo lake la sasa lilikamilika mwaka 1907, umejengwa kwa tofali mbichi na husiribwa upya na mji mzima kwa udongo ulioloweshwa na kuchachushwa pamoja na makapi ya mpunga. Uloweke mchanganyiko huo kwenye shimo kwa wiki mbili au zaidi. Utanuka, lakini ukikauka harufu huisha na ukuta hustahimili mvua kuliko udongo wa siku hiyohiyo. Na anayekuambia udongo ni wa vibanda tu, mwambie kuhusu Shibam kule Hadhramaut, walikotoka jamaa wengi wa pwani yetu: majumba ya ghorofa nyingi ya tofali mbichi, mengi yakiwa na asili ya karne ya 16, bado yanakaliwa na watu.

Ukitaka ukuta mweupe, paka chokaa, si rangi ya mafuta wala ya plastiki. Chokaa inaruhusu unyevu kutoka. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar, za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, zimesimama kwa sababu hiyohiyo. Paka matabaka matatu au manne mepesi kama maziwa kwenye ukuta uliolowanishwa. Kinga macho, maana chokaa huunguza.

Jambo moja zaidi kuhusu nyufa za ndani, hasa kwa walioko Dodoma na mikoa jirani. Papasi hujificha mchana kwenye nyufa za kuta na sakafu za udongo na kutoka usiku kunyonya damu, na ndio wanaoeneza homa ya papasi. Ufa wa ukutani unaoweza kuuvumilia kwa sura unaweza kumlaza mtoto wako hospitalini. Siriba kuta za ndani hadi chini kabisa, pale ukuta unapokutana na sakafu, na usiache mwanya nyuma ya kitanda.

Kazi zote hizi zifanye kiangazi. Pwani nachagua miezi ya Juni hadi Septemba, kuna upepo na jua si kali, hivyo udongo hukauka taratibu. Jua la Januari hukausha uso kabla ya ndani, na hapo nyufa haziepukiki; ikibidi, tundika magunia mabichi mbele ya ukuta. Lakini ukaguzi wa mwaka uwe Februari, kwa sababu masika huanza Machi. Loweka ndoo moja ya udongo jioni, kesho yake zunguka nyumba, gonga, ziba kila ufa ukiwa bado mdogo, safisha mfereji. Shangazi sasa ana miaka zaidi ya 70 na ukuta wake wa nyuma anaukagua mwenyewe. Kazi yote humchukua asubuhi moja.